Fizi zinapanda juu ya meno, niache dawa ya presha?

Maswali ya wasomaji, anajibu daktari wetu wa meno

SWALI: Habari ya kazi daktari. Mimi ni mzee wa miaka 54, niko Busia upande wa Uganda, nauza hadweya. Mwaka jana nilipimwa nikakutwa na presha, wakanianzishia nifedipini ya 20, nameza asubuhi na jioni na presha imeshuka vizuri tu. Tatizo ni mdomo. Fizi za mbele zimevimba mpaka meno yanaonekana mafupi, haziumi lakini nikipiga mswaki damu inatoka, na mke wangu ananiambia nanuka mdomo, ingawa anasema kwa upole. Nimesukutua chumvi, nimesukutua pombe kali ya waragi, wapi. Mmoja kaniambia ni upungufu wa vitamini C nile machungwa, mwingine kasema ni kansa, na kijana wa famasi kasema ni hiyo dawa ya presha, niiache kwanza wiki mbili tuone. Sasa nimsikilize nani?
– Mzee wa Hadweya, Busia

JIBU: Mzee wangu, huyo kijana wa famasi amepatia nusu, nusu nyingine kakosea vibaya. Amepatia kwamba nifedipini inaweza kuvimbisha fizi, hilo linajulikana miaka mingi na limeandikwa hata kwenye ile karatasi ndefu iliyokunjwa ndani ya boksi, ambayo kwetu mara nyingi hata huioni kwa sababu tembe unahesabiwa unafungiwa kwenye kabahasha kadogo unaambiwa moja mara mbili, haya mwingine aje. Alipokosea ni hapo pa kuacha wiki mbili. Presha haina adabu ya kusubiri sisi tutazame fizi. Ukiacha dawa inapanda kimya kimya, kichwa hakiumi, unaendelea kuuza misumari yako, halafu siku moja unaamka mkono wa kulia hausikii na maneno hayatoki. Fizi zilizovimba ni kero na zinatibika, kiharusi ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo leo jioni meza dawa yako kama kawaida ndo tuendelee kuongea.

Iko hivi. Kuna makundi matatu ya dawa yanayojulikana kwa kukuza fizi. La kwanza ni fenitoini ya kifafa, hiyo iliandikwa na madaktari tangu mwaka 1939. La pili ni siklosporini, wanayopewa watu waliopandikizwa figo. La tatu ndo hili lako, dawa zinazozuia kalsiamu isiingie kwenye misuli ya mishipa ya damu, mishipa ikakosa kukaza, ikalegea, presha ikashuka. Humo kuna nifedipini, amlodipini, felodipini, verapamili na diltiazemu. Sasa fizi nazo zina chembe zake ambazo kazi yake ni kujenga nyama ya fizi na kubomoa ile iliyochakaa, kila siku zinajenga zinabomoa, na dawa hii kwa baadhi ya watu inapunguza upande wa kubomoa, nyama inarundikana. Si maji wala usaha, ni nyama kweli, ndo maana ukiibonyeza na kidole ni ngumu na haiumi.

Ulivyoeleza ndivyo inavyoanza. Mara nyingi ni kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu baada ya kuanza dawa, na inaanzia kwenye kile kipembe cha fizi kinachoingia kati ya meno mawili, hasa ya mbele, kinakuwa kama punje ya simsim, kinanenepa, kinakutana na mwenzake wa jino la pili, halafu vyote vinaanza kulifunika jino. Pasipo na jino fizi huwa haikui hivyo. Kwa hiyo chukua kioo kidogo usimame mlangoni penye mwanga, uinue mdomo wa juu uangalie: kama uvimbe uko kwenye vipembe vya katikati ya meno na pale penye pengo fizi iko bapa ya kawaida, hiyo ni dalili kubwa kwamba dawa inahusika.

Si kila anayemeza inampata, wala si wengi. Uchunguzi mmoja wa Uingereza wa mwaka 1999 uliowaangalia wagonjwa wa kawaida wa mitaani ulikuta kama watu 6 kati ya 100 wa nifedipini, na wa amlodipini hata 2 hawakufika, na wanaume walipata mara tatu kuliko wanawake. Hapo mzee umeingia kwenye kundi kwa jinsia na kwa dawa.

Lakini dawa peke yake haimalizi hadithi. Inahitaji mwenzake, na mwenzake ni ukoga, ule utando laini wa njano unaokaa pale jino linapokutana na fizi na ukikaa sana unaganda unakuwa mgumu hata mswaki hauutoi tena. Ukoga unachokoza fizi, fizi inavimba, dawa inaizuia isirudi chini, ikishavimba inaficha ukoga zaidi kwa sababu mswaki haufiki, na harufu anayosema mkeo inatoka humo humo kwenye mifuko kati ya fizi na jino ambako chakula kimelala. Mzunguko huo ndo wa kuvunja, na habari nzuri ni kwamba upande mmoja wa mzunguko uko mkononi mwako leo hata kabla ya kumuona mtu yeyote.

Mswaki uwe laini, si ule mgumu wa kusugulia kana kwamba ni sufuria ya posho. Uulaze kidogo ili nywele zake zielekee kwenye mpaka wa jino na fizi, usogeze kidogo kidogo papo hapo, meno mawili mawili, dakika 2 nzima, asubuhi na usiku kabla ya kulala, na dawa ya meno iwe yenye floridi. Damu itatoka. Watu wengi wakiona damu wanaacha kupiga hapo wanaruka, na hapo ndo panapozidi kuoza. Damu inatoka kwa sababu pana ukoga, endelea taratibu, baada ya wiki moja au mbili utaona inapungua. Waragi acha kabisa mzee, inakausha mdomo na kuunguza fizi, na hapo harufu inazidi badala ya kupungua. Chumvi kwenye maji ya vuguvugu inatuliza, nusu kijiko cha chai kwenye glasi inatosha, ila tema usimeze, we mtu wa presha chumvi ya chakula yenyewe umeambiwa upunguze.

Machungwa kula, ni mazuri, lakini upungufu wa vitamini C wa kufikia kuvimbisha fizi ni nadra kwa mtu anayekula maembe na mboga, na hauji na fizi ngumu zisizouma, unakuja na fizi laini zinazovuja damu, michubuko ya ngozi na kuchoka. Kansa pia hatuikatai tu hivi hivi. Kansa ya damu inaweza kuvimbisha fizi, ila inakuja haraka, ndani ya wiki chache, na homa, kupauka, kukonda, damu za pua. Na ukiona mahali pamoja tu pamevimba, pana rangi ya zambarau au pana kidonda kisichopona wiki mbili, hapo usisome magazeti nenda ukaangaliwe. Na hata bila hayo ukifika huko mwambie akupime sukari, kwa sababu kisukari na presha hutembea pamoja na kisukari kinaharibu fizi kuliko hata hiyo nifedipini.

Sasa uende wapi. Anza kwa wa meno. Helthi senta IV kawaida inapaswa kuwa na ofisa wa meno, kama yako hana au mashine imekufa basi hospitali ya wilaya, Tororo si mbali, na mambo yakiwa makubwa Mbale kwenye hospitali ya rufaa. Beba tembe zako zenyewe, na kile kikaratasi zilimofungiwa, na kadi ya presha. Usiseme tu natumia dawa ya presha. Dawa za presha ziko nyingi na nyingi hazigusi fizi kabisa, na sisi wa meno, niseme ukweli, wengi hatuulizi, tunaona fizi imevimba tunaandika antibayotiki ya metronidazoli na mtu anarudi baada ya mwezi vile vile. Nimeona hata watu waliong'olewa meno mazima kabisa kwa sababu tu fizi iliyafunika yakaonekana yameoza. Kwa hiyo we ndo umkumbushe, mwambie daktari nameza nifedipini tangu mwaka jana na fizi zilianza baadaye.

Atakukwangua ukoga ulioganda, pengine kwa awamu mbili tatu, na anaweza kukupa maji ya kusukutua ya klorheksidini ya asilimia 0.2, mililita 10 kwa dakika 1 mara mbili kwa siku, lakini hayo ni ya wiki mbili hivi tu, ukiyazidisha meno yanapata madoa ya kahawia, hasa kama unakunywa chai nyingi, na ulimi unapoteza ladha. Kwa wengine kusafisha peke yake kunashusha uvimbe mpaka hakuna haja ya kubadili dawa.

Kama bado, hapo ndo unarudi kwa aliyekuandikia dawa ya presha, ukiwa na barua ya wa meno mkononi, umuombe muangalie kubadili. Anaweza kukuhamishia kwenye amlodipini ambayo ni ndugu yake lakini ina matukio machache, au akakutoa kabisa kwenye kundi hilo akakupa losartani, enalaprili, au ya kukojosha kama bendrofluazidi. Usishangae akisita kidogo. Kwa watu weusi dawa za kundi la kalsiamu na zile za kukojosha ndizo zinazoshusha presha vizuri zikiwa peke yake, enalaprili na losartani mara nyingi zinahitaji mwenza, kwa hiyo kubadili si kubadilisha tembe hii kwa ile kama shilingi kwa shilingi, inabidi upimwe presha baada ya wiki chache kuona kama mpya inafanya kazi. Dawa ikishatoka mwilini fizi huanza kunywea, wengine ndani ya wiki moja, wengine mpaka wiki 8, mradi ukoga haupo.

SWALI: Daktari mama yangu yuko Jinja anatumia amlodipini ya 5 mwaka wa tatu sasa, fizi zake ziko sawa ila miguu inavimba jioni. Nimesoma kwamba amlodipini inaharibu fizi, nimuombee abadilishiwe mapema kabla haijamharibu?
– Binti wa Walukuba

JIBU: Hapana dada, mwache mama na dawa yake. Miaka mitatu bila uvimbe ni dalili nzuri sana, hii kitu ikitaka kuja kawaida inakuja mapema. Kumuondolea dawa inayomshushia presha vizuri eti kwa sababu ya tatizo ambalo hana ni kumtafutia tatizo. Mpeleke asafishwe meno mara moja au mbili kwa mwaka, basi. Miguu ndo ya kumwambia daktari wake, kwa sababu kuvimba vifundo jioni ni jambo la kawaida la amlodipini lakini linaweza pia kuwa moyo au figo, na hilo halijulikani kwa kuangalia na macho. Kama anahema usiku akilala chali, usingoje siku ya kliniki.

SWALI: Mimi fizi zangu zilikatwa Kampala miaka miwili iliyopita, zikawa nzuri, sasa zinarudi. Naendelea na nifedipini ile ile. Ina maana walinikata vibaya?
– Mwalimu mstaafu, Masindi

JIBU: Mwalimu, walikukata vizuri, ila shina liliachwa. Kukata kunaondoa nyama iliyozidi, hakuondoi kilichoikuza, na kama dawa ni ile ile na ukoga umerudi, fizi zinaweza kuanza kupanda tena hata ndani ya miezi 3 mpaka 6, wewe umefika miaka miwili manake mswaki unaupiga. Kabla ya kukubali kukatwa mara ya pili uliza kwanza habari ya kubadili dawa, hilo ndo lingetangulia hata ile mara ya kwanza.

Na kwa wengine wanaosubiri kukatwa, mambo mawili matatu. Siku hiyo meza dawa ya presha asubuhi kama siku zote, usiende na njaa, na kama hujapimwa presha kabla ya sindano ya ganzi we mwenyewe omba upimwe. Ikifika 180 juu au 110 chini, kawaida kazi isiyo ya haraka inaahirishwa mpaka ishuke, usikasirike umesafiri kutoka mbali, wanakuokoa. Kama unameza aspirini ndogo ya moyo mwambie daktari lakini usiiache kwa uamuzi wako, damu ya fizi inazuilika kwa kubana na pamba, damu ikiganda kwenye moyo haizuiliki hivyo.

SWALI: Jino la nyuma liliniuma nikaenda kwenye klinika mtaani, sikusema natumia losartani na ya kukojosha, na amlodipini pia. Nimepewa diklofenaki siku 7 na eritromisini kwa sababu penisilini inanifanya nijikune. Jino limetulia lakini nasikia kizunguzungu nikisimama. Ni njaa?
– Boda wa Arua

JIBU: Kaka, yawezekana ni njaa, lakini mimi ningeanza kwenye hiyo mifuko miwili ya dawa. Eritromisini inazuia ini kuivunja amlodipini na ndugu zake, dawa inajazana kwenye damu kuliko kipimo ulichopewa, presha inashuka kupita kiasi, ndo hicho kizunguzungu ukisimama, na wewe unaendesha pikipiki. Klarithromisini nayo ni hivyo hivyo. Diklofenaki inafanya kinyume, inapandisha presha na kuzuia maji yasitoke, na ukiichanganya na losartani pamoja na dawa ya kukojosha, hizo tatu kwa pamoja zinaweza kuumiza figo. Ibuprofeni ni familia moja nayo. Kwa hiyo rudi leo, leo hii si kesho, kwenye helthi senta wakupime presha, uwaonyeshe dawa zote, wabadilishe antibayotiki na hiyo ya maumivu. Kwa maumivu ya jino mtu wa presha anaanza na paracetamoli, tembe 2 za miligramu 500, na asizidishe tembe 8 kwa siku. Na boda ipumzike mpaka kizunguzungu kiishe, hilo najua ni rahisi mimi kusema maana pesa ya siku inatoka hapo, lakini barabara ya Arua na malori yale, hapana.

Halafu jino lenyewe. Antibayotiki hazitibu jino lililotoboka, zinatuliza usaha kwa muda tu. Lizibwe au ling'olewe, usipofanya hivyo mwezi ujao uko pale pale unanunua tembe nyingine.

SWALI: Mzee wetu kijijini hapendi mswaki wa dukani, anatumia mti. Anameza nifedipini na fizi zimeanza kujaa. Tumkataze mti?
– Wajukuu, Hoima

JIBU: Msimkataze, mtagombana bure na mti si adui. Mti ukitafunwa vizuri ukawa na nyuzi laini unasafisha, shida ni kwamba wazee wengi wanasugua mbele ya jino tu, panang'aa, nyuma na pale kwenye mpaka wa fizi hawafiki, na ncha ngumu inachubua. Mwambieni atafune mpaka iwe laini kabisa, akate ncha mpya kila siku, apitishe pole pole kwenye mpaka wa fizi hadi upande wa ulimi, na usiku mmpatie dawa ya meno yenye floridi kwenye kidole au kwenye mti huo huo. Na kuhusu nifedipini, someni jibu la Mzee wa Hadweya hapo juu, mpelekeni na tembe zake.

SWALI: Dawa yangu ilibadilishwa kutoka nifedipini kwenda enalaprili kwa sababu ya fizi. Fizi zinanywea vizuri lakini nina kikohozi kikavu usiku, na jana mdomo wa juu ulivimba masaa kadhaa ukarudi. Ni fizi zinahama?
– Mama Mboga, Kasese

JIBU: Mama, hizo si fizi. Kikohozi kikavu ni tabia ya enalaprili inayojulikana, hakina hatari kubwa, kinaisha ukibadilishiwa. Lakini kuvimba mdomo ni jambo jingine na ndo lililonifanya nikuweke kwenye toleo hili hili badala ya lijalo. Dawa za kundi la enalaprili, kaptoprili na lisinoprili zinaweza kwa watu wachache, na zaidi kwa sisi watu weusi, kuvimbisha midomo, ulimi na koo, na inaweza kutokea hata baada ya miezi mingi umeizoea. Mara ya kwanza ni mdomo wa juu unarudi wenyewe, mara ya pili inaweza kuwa ulimi na njia ya hewa.

Hapa, tofauti kabisa na yale niliyomwambia mzee wa Busia, tembe nyingine ya enalaprili usimeze. Nenda hospitali leo, usisubiri siku ya kliniki, waeleze mdomo ulivyovimba ili wakupe dawa ya kundi jingine siku hiyo hiyo usikae bila kinga ya presha, na waandike kwa kalamu nyekundu kwenye kitabu chako kwamba enalaprili na ndugu zake usipewe tena maisha yako yote. Na kama ulimi unavimba sasa hivi, sauti imebadilika au mate hayamezeki, weka gazeti chini umuite boda au jirani mwenye gari, twende dharura, hata kama ni saa nane usiku.